Uzi: Mionzi haina rangi wala harufu. Filamu zinatuonyeshaje inavyomfanya binadamu?

Mleta mada

Wanajukwaa, salaam.

Nimekaa na jambo hili tangu nilipoutazama kwa mara ya pili mfululizo wa televisheni wa "Chernobyl" wa mwaka 2019, unaosimulia ajali ya mtambo wa nyuklia wa Chernobyl nchini Ukraine, na nimeona nilifungulie uzi wake, kwa sababu kila filamu za nyuklia zinapotajwa humu mjadala huishia kwenye mlipuko: wingu la uyoga, majengo yanayoporomoka, sauti inayohesabu sekunde za mwisho. Mlipuko ni rahisi kuupiga picha. Kazi ngumu huanza vumbi likishatulia, kwani kinachoendelea kuua hapo hakionekani, hakinuki, hakina ladha, na huenda kikamwua mtu baada ya wiki tatu au baada ya miaka thelathini, ilhali sinema ni sanaa ya kuonyesha, tena kuonyesha ndani ya saa mbili. Mtengeneza filamu amfanyeje muuaji ambaye kamera haimwoni?

Ipo mara moja ninayoifahamu ambapo kamera ilimwona. Vladimir Shevchenko, mtengeneza filamu za hali halisi wa Ukraine, aliingia na wenzake katika eneo la Chernobyl katika majuma yaliyofuata ajali ya tarehe 26 Aprili 1986, wakapiga picha hata kutoka kwenye helikopta juu ya kinu namba 4 kilichokuwa kimepasuka. Mkanda uliposafishwa, waliona vidoa vyeupe vikimetameta juu ya picha na wakasikia mikwaruzo katika sauti, wakadhani mkanda ni mbovu. Mkanda ulikuwa mzima. Ni mionzi iliyoupenya na kuuchoma, kama mwanga unavyouchoma. Shevchenko alifariki mwaka 1987. Sijaona picha ya mionzi iliyo ya kweli kuliko vile vidoa, na hakuna aliyekusudia kuipiga.

Wengine wote wamelazimika kutafuta njia ya kuzungukia. Johan Renck, aliyeuongoza mfululizo wa 2019, na Craig Mazin, aliyeuandika, waliyategemea sana masikio yetu. Mtunzi wa muziki wake, Hildur Guðnadóttir, aliingia katika mtambo wa Ignalina nchini Lithuania, ambao vinu vyake ni vya jamii moja na vile vya Chernobyl na vilikuwa vimekwisha kuzimwa, akarekodi milio ya pampu, mabomba na milango, kisha akaujenga muziki wake juu ya milio hiyo. Kwa hiyo hata pale skrini inapokuonyesha mtaa uliotulia na watoto wakicheza, sikio lako linajua kwamba kuna kitu kipo. Ile sehemu ya wanaume wanaotumwa juu ya paa kwa sekunde 90 tu, wabebe kwa koleo vipande vya grafaiti yenye mionzi iliyorushwa kutoka kinuni na kuvirusha chini, imepigwa kwa mkupuo mmoja bila kukatwa, na kinachotisha ndani yake ni kile kipimo cha mionzi kinacholia tikitiki mfululizo kama mvua ya mawe juu ya bati. Mtu mmoja anajikwaa, buti lake linachanika, na ofisa anamwambia maneno machache tu. Hakuna damu. Wewe mtazamaji ndiye unayemhesabia siku zake.

Sehemu ya wazima moto hospitalini Moscow nayo ina jambo ambalo filamu nyingi hulikosa. Wanaume wale wanaonekana wamepata nafuu, wanacheza karata na kutaniana, na asiyejua atasema wamepona. Hicho ni kipindi halisi cha ugonjwa. Mionzi mingi huziharibu kwanza zile seli zinazozaliana haraka, yaani za uboho, za utando wa utumbo, za mashina ya nywele na za ngozi; kutapika kwa siku ya kwanza hupita, mgonjwa hupata ahueni, lakini seli zilizokuwa zizaliwe kuchukua nafasi ya zilizochakaa hazipo tena, na zile za zamani zikimalizika mwili hubomoka kutoka ndani. Watu 134 walithibitishwa kuwa na ugonjwa huo mkali wa mionzi baada ya Chernobyl, na 28 kati yao walifariki mwaka huohuo wa 1986. Mmoja wao ni Vasily Ignatenko, mzima moto ambaye simulizi ya mkewe, iliyohifadhiwa katika kitabu cha Svetlana Alexievich, ndiyo iliyozaa sehemu hiyo ya mfululizo.

Hata hivyo, nikilazimika kuchagua filamu moja tu, sitauchagua mfululizo huo. Nitachagua "Mvua Nyeusi", yaani "Kuroi Ame", ya mwongozaji Mjapani Shōhei Imamura, iliyotoka mwaka 1989 na kupigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe. Bomu la Hiroshima lenyewe, la tarehe 6 Agosti 1945, linachukua dakika chache. Binti anayeitwa Yasuko hakuwa mjini lilipolipuka. Alikuwa ndani ya mashua, mvua yenye weusi kama masizi ikamnyeshea usoni na mikononi, akajipangusa. Kisha akapita katikati ya mji ulioungua pamoja na mjomba wake na mke wa mjomba. Basi. Baada ya hapo filamu inaruka miaka mitano mbele, kijijini, kwenye mashamba na bwawa la samaki, na shughuli yote iliyobaki ni shughuli ambayo kila mmoja wetu anaielewa: mjomba anamtafutia binti mchumba.

Wachumba wanakuja, wanasikia fununu kwamba alikuwa Hiroshima, wanarudi nyuma. Mjomba anapata cheti cha daktari kuthibitisha kwamba binti ni mzima, na cheti hicho kinazidisha mashaka, kwa maana mwenye mali safi ya nini kuipigia mbiu? Anaanza kuinakili shajara ya siku ile ili kuonyesha kwamba Yasuko hakuwamo mjini bomu lilipoanguka, na kadiri anavyoandika ndivyo anavyokutana na ile mvua. Wakati huohuo wanakijiji wenzake waliokuwa mjini siku ile wanazikwa mmoja baada ya mwingine, bila kelele, wanaume wa makamo ambao jana walikuwa wanavua samaki. Mionzi katika filamu hii haioneshwi kwa kidonda bali kwa posa isiyofika. Siku binti anapopitisha mkono kichwani, na nywele zikabaki kiganjani, humsikii akilia. Nimeitazama mara nne na bado sehemu hiyo hunipa baridi.

Filamu za vita vya nyuklia vya kubuni nitazipitia kwa haraka. "The War Game" ya Peter Watkins ilitengenezwa kwa ajili ya BBC mwaka 1965, ikaonekana inatisha mno kurushwa, ikazuiwa kwenye televisheni hadi 1985, ingawa katikati yake ilishinda Oscar kama filamu ya hali halisi. "The Day After" ilirushwa Marekani Novemba 1983, na Rais Reagan, aliyeitazama kabla ya umma, aliandika katika shajara yake kwamba ilimhuzunisha sana. "Threads" ya mwaka 1984, inayotokea mjini Sheffield, ndiyo ngumu zaidi kati ya hizo tatu, kwa sababu haiishii kwenye wiki ya kwanza. Inaendelea miaka 13, hadi kizazi kilichozaliwa baada ya bomu kinaongea lugha iliyokatikakatika na hakijui kusoma.

Majitu yaliyoumuka kwa mionzi, mijusi na mchwa wakubwa kama nyumba, siyahesabu humu. Hayo ni burudani.

Karibuni.

Mchangiaji, Mwanza

Ndugu mleta mada, nashukuru kwa andiko. Mimi ni mtaalamu wa radiolojia, kazi yangu ni picha za eksirei, na huvaa kifuani kibeji cha kupimia mionzi ambacho hukusanywa kila baada ya muda na kupelekwa Tume ya Nguvu za Atomiki kusomwa. Kwa hiyo mfululizo huo niliutazama kwa jicho la kazini, na kuna jambo moja linapaswa kusahihishwa humu kwa sababu limewapotosha watu wengi.

Katika mfululizo, mke wa mzima moto anaambiwa asimguse mumewe, pazia la plastiki linawekwa kati yao, na mwishoni tunaelezwa kwamba mtoto aliyekuwa tumboni aliifyonza mionzi na hivyo akamwokoa mama yake. Mama huyo kweli alimpoteza mtoto, na uchungu wake hauna mjadala. Lakini mgonjwa aliyepigwa na mionzi, akishavuliwa nguo na kuoshwa vizuri, hageuki kuwa kinu. Kwa kiasi kikubwa hawi hatari kwa anayemkalia kando. Pazia lile, katika hospitali yoyote ile, humlinda mgonjwa: uboho wake umeharibika, chembe nyeupe za damu zimekwisha, na mafua ya mgeni yanaweza kumwua. Mfululizo uligeuza upande wa hatari. Na wazo kwamba kijusi kinafyonza mionzi kwa niaba ya mama halina msingi wowote katika sayansi.

Nalisema hili kwa sababu woga wa kuambukizwa mionzi ndio uliowatesa wahanga wenyewe. Yasuko wa mleta mada alikosa mume kwa woga huohuo. Filamu inayolaani unyanyapaa na filamu inayoueneza zinaweza kutazamwa usiku mmoja, na mtazamaji asitambue kwamba zinapingana.

Kwa upande mwingine, kuna sehemu ambayo mfululizo uliipata barabara. Mwanajeshi anamkuta bibi kizee akikamua ng'ombe, anamwamuru ahame, bibi anagoma, na yule kijana anaimwaga ndoo ya maziwa. Wengi waliona ni ukatili. Kilichomwagwa pale ni iodini yenye mionzi, ambayo huangukia majani, ng'ombe akayala, ikaingia katika maziwa, na kutoka hapo ikaenda moja kwa moja kwenye tezi ya shingo ya mtoto, kwa sababu tezi hiyo hukusanya madini joto, yaani iodini, popote yanapopatikana na haijui kutofautisha yaliyo salama na yasiyo salama. Nguvu ya iodini hiyo hupungua nusu kila baada ya siku 8, maana yake ni kwamba watoto wangezuiwa maziwa kwa miezi michache tu, sehemu kubwa ya madhara ingeepukwa. Hadi mwaka 2005 wagonjwa wa saratani ya tezi hiyo waliogunduliwa miongoni mwa waliokuwa watoto au vijana katika maeneo yaliyoathirika walizidi 6,000. Wengi walitibiwa wakapona, lakini ule mkato wa kisu shingoni wanao hadi leo.

Mchangiaji, Zanzibar

Naomba kutofautiana na mleta mada kuhusu majitu. Huenda Godzilla, lile jitu la sinema la mfano wa mjusi, ameliona la Kimarekani tu.

Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni katika kisiwa cha Bikini, na nguvu yake ikazidi mara mbili ya walivyokadiria, ikafika megatoni 15, yaani sawa na tani milioni 15 za baruti aina ya TNT. Mashua ya wavuvi wa jodari kutoka Japani, Daigo Fukuryū Maru, ilikuwa nje ya eneo lililotangazwa kuwa la hatari, lakini majivu meupe ya matumbawe yaliwadondokea mabaharia 23 waliokuwemo. Aikichi Kuboyama, aliyeshughulikia redio, alifariki tarehe 23 Septemba mwaka huohuo. Novemba, bado matanga hayajakaa mbali, filamu ya kwanza ya "Gojira" (ndilo jina la Godzilla kwa Kijapani) ya Ishirō Honda ikaingia kwenye majumba ya sinema ya Japani. Inaanza na nini? Meli, mwanga mkali baharini, na meli inazama. Hakuna Mjapani aliyehitaji kuelezewa.

Katika filamu hiyo kuna wodi iliyojaa majeruhi baada ya lile jitu kupita Tokyo. Mtaalamu anamsogezea mtoto kipimo cha mionzi, kipimo kinalia, naye anatikisa kichwa. Mtoto hana hata mchubuko. Huo ndio muuaji asiyeonekana unaoulizia, ndugu yangu, na umewekwa ndani ya filamu unayoiita burudani. Toleo lililopelekwa Marekani mwaka 1956 lilikatwakatwa, likaongezewa mwandishi wa habari Mmarekani, na mengi yaliyohusu bomu yakapunguzwa. Tulioletewa hilo ndio tuliobaki na mjusi peke yake.

Mchangiaji, Mombasa

Mimi riziki yangu ni chuma chakavu, na niliingia katika uzi huu kwa sababu ya tukio moja ambalo nilisimuliwa kazini kama onyo, kisha nikalitafuta.

Septemba 1987, mjini Goiânia nchini Brazili, wanaume wawili waliingia katika jengo la kliniki iliyohamwa, wakang'oa sehemu ya mashine ya kutibia saratani kwa mionzi iliyoachwa humo, wakaenda kuiuza kwenye yadi ya vyuma chakavu. Ndani mlikuwa na unga wa kesiamu, madini yenye mionzi mikali. Mwenye yadi aliuona usiku uking'aa rangi ya buluu, akadhani ni kitu cha thamani au cha miujiza, akawagawia ndugu na marafiki. Ndugu yake alipeleka kidogo nyumbani, na binti yake wa miaka 6, Leide das Neves Ferreira, akauchezea sakafuni, akajipaka, akala chakula kwa mikono hiyohiyo. Mke wa mwenye yadi ndiye aliyeng'amua kwamba kila aliyekigusa kile kitu anaumwa. Alihakikisha kinapelekwa idara ya afya, kikabebwa ndani ya mfuko, kwa basi la abiria. Yeye na Leide walifariki siku moja, tarehe 23 Oktoba. Waliofariki walikuwa wanne, waliokutwa na uchafu wa mionzi ni 249, na zaidi ya watu 100,000 walipangwa foleni uwanjani wapimwe. Siku ya kumzika yule mtoto, katika jeneza lililozungushiwa madini ya risasi, watu walirusha mawe wasitake azikwe makaburini kwao.

Mwongozaji wa Brazili Roberto Pires aliitolea filamu habari hiyo mwaka 1990. Ninachotaka kumwambia mleta mada ni kwamba hapa mionzi ilitoa nuru, na nuru yenyewe ilipendeza, ndiyo maana ikaingia majumbani. Sisi wa yadi tunajua chuma kinavyopimwa: kwa uzito na kwa sumaku. Alama ile ya kuonya kuhusu mionzi, ya mabawa matatu yenye rangi ya njano, wafanyakazi wangu hawakuifahamu hadi nilipoichora ukutani kwa mkono wangu.

Mchangiaji, Lubumbashi

Salamu kutoka Katanga. Nimesoma michango yote nikingoja mtu ataje yanakotoka madini yenyewe ya bomu, yaani urani.

"Oppenheimer" ya Christopher Nolan, ya mwaka 2023, inayomhusu mwanasayansi aliyeongoza utengenezaji wa bomu la kwanza la atomu, ina dakika 180 na ilizoa tuzo saba za Oscar. Ndani yake kuna bakuli za kioo, na kadiri madini yanavyopatikana, gololi zinaongezwa ndani. Gololi zinatoka mfukoni, zinadondoka, zinalia. Basi mimi nilikuwa ninangoja neno moja, nikangoja hadi majina ya mwisho yakapita. Urani iliyotumika katika mradi ule wa bomu, kwa sehemu kubwa, ilichimbwa Shinkolobwe, karibu na Likasi, si mbali na ninapoishi. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière, alisafirisha zaidi ya tani 1,200 za mawe hayo hadi New York kabla Wamarekani hawajamwomba, na jeshi lilipoyahitaji mwaka 1942 likakuta yanangoja katika ghala pale Staten Island. Baada ya vita Sengier alipewa nishani na serikali ya Marekani. Waliochimba hawakuambiwa hata ni jiwe gani wanalolishika, na mgodi wenyewe ulifutwa kwenye ramani kwa ajili ya siri.

Mleta mada anauliza kamera imfanyeje muuaji asiyeonekana. Mimi nauliza kuhusu wanaoonekana vizuri kabisa ila kamera haikuwageukia. Nolan hakutuonyesha Hiroshima, na nimesoma utetezi wake kwamba tunabaki ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Sawa. Lakini gololi zile zilikuwa mezani kwake.

Mleta mada

Nawashukuru wote, na nianze kwa kukubali makosa. Kuhusu Gojira nimeshindwa. Nimetafuta toleo la Kijapani la 1954, nimelitazama jana usiku, na ile sehemu ya wodini ni kama ulivyosema. Kwa mtaalamu wa Mwanza, sikuwahi kulifikiria lile pazia kwa upande wa mgonjwa, na sasa sehemu ile siwezi kuitazama kama zamani, ingawa bado naona waigizaji waliifanyia haki.

Ndugu wa Lubumbashi, hoja yako siwezi kuijibu kwa kuitetea filamu, kwa hiyo nitaongezea tu. Ipo filamu ya hali halisi ya Robert Stone, "Radio Bikini", ambayo inaonyesha kwamba kamera zilikuwepo kwa mamia: mwaka 1946 Wamarekani walikwenda kujaribu mabomu Bikini na kupiga picha za kila kitu, hadi ofisa akimwomba kiongozi wa kisiwa akubali kuhamishwa pamoja na watu wake 167, na tukio hilo likirudiwa tena na tena hadi picha itoke vizuri. Anazungumza pia baharia wa zamani Mmarekani aliyeshiriki majaribio yale. Muda wote tunaoneshwa uso wake na mabega tu, anasimulia kwa upole kama mtu yeyote. Karibu na mwisho kamera inarudi nyuma, na ndipo unapoona mkono wa kushoto uliovimba kupita kiasi, na kwamba miguu hana. Wachimbaji wa Shinkolobwe hawakupata hata kamera ya namna hiyo.

Jambo la mwisho, kwa aliyeniuliza faraghani kama "Mvua Nyeusi" inafaa kutazamwa na wazee. Niliitazama na mama yangu, nikimtafsiria maandishi ya chini. Hakushtuka kwa maiti za Hiroshima kama nilivyoogopa. Alichofuatilia tangu mwanzo hadi mwisho ni habari ya posa. Filamu inaisha Yasuko akiondoka kwa gari la wagonjwa, mjomba amesimama anatazama upande wa milima akiomba upinde wa mvua utokee, na maandishi yanapanda. Mama akauliza, "Binti alipona?" Nikamweleza kwamba Imamura alikuwa amepiga sehemu nyingine ndefu, yenye rangi, ya mwaka 1965, Yasuko akiwa hai, akizunguka mahekalu kama mhujaji, kisha akaamua kuitoa. Mama akanyamaza kidogo, akasema turudishe nyuma mpaka pale gari linapoondoka, aangalie tena kama mjomba ameuona ule upinde.